Lenzi yako haina kosa: kutafuta chanzo pale picha inapoona padogo, inapokata watu au inapoharibu sura

"Hii lenzi ina tatizo." Ndivyo malalamiko mengi yanavyoanza. Inaona padogo, inakata watu, inavimbisha pua, inageuza mlima kuwa kichuguu. Mara nyingi lenzi yenyewe ni nzima kabisa. Tatizo limekaa kwenye kihisi kilicho nyuma yake, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha, au mahali aliposimama mpiga picha, au kamera imekata sehemu ya picha kimyakimya bila kumwuliza mwenyewe. Tafuta dalili yako hapa chini kabla hujatoa hela ya lenzi nyingine.

Namba tatu za kuwa nazo kwanza

Ya kwanza ni urefu wa fokasi, yaani zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi. Ni umbali kati ya kitovu cha lenzi na kihisi pale lenzi inapofokasi kitu cha mbali sana. Kitovu hicho ni cha kihesabu, usikitafute kwa rula. Namba hii ni ya lenzi, haigeuki ukiihamishia lenzi kwenye kamera nyingine.

Ya pili ni upana wa kihisi. Kamera ya fremu kamili, yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya zamani, ina milimita 36. Kamera za APS-C, zenye kihisi kidogo zaidi, zikiwa za Nikon, Sony na Fujifilm zina karibu 23.5, za Canon zina karibu 22.3, na Micro Four Thirds, yenye kihisi kidogo kuliko hizo zote, ina 17.3.

Ya tatu ni umbali kati yako na unachokipiga.

Zidisha umbali kwa upana wa kihisi, kisha gawa kwa urefu wa fokasi. Jibu ni upana wa eneo litakaloingia kwenye picha. Ukisimama mita 5 kutoka kwa watu, ukiwa na fremu kamili na lenzi ya milimita 50, utapata 5 × 36 ÷ 50, yaani mita 3.6. Ni hesabu ya shule ya msingi na inamaliza ubishi mwingi. Hupotoka tu kwa vitu vya karibu sana, kama pete au ua.

Wanaopenda digrii, kwa fremu kamili iliyolala: milimita 24 inaona digrii 74 kwa upana, 35 inaona 54, 50 inaona 40, 85 inaona 24, na 200 inaona 10. Ukikuta karatasi ya kiwandani inasema 50 inaona digrii 46 au 47, usishtuke. Watengenezaji wengi hutangaza pembe ya kona hadi kona, kwa kuwa ni kubwa zaidi.

Dalili: "Nimenunua milimita 50 niliyosifiwa, lakini sebuleni inakata watu"

Uliza kwanza: kihisi chako ni cha ukubwa gani? Aliyekusifia huenda anatumia fremu kamili. Akisimama mita 3 kutoka kwa watu, 50 yake inachukua upana wa mita 2.16. Wewe mwenye APS-C ya milimita 23.5, ukisimama palepale, unapata mita 1.41. Watu wawili wakae bega kwa bega, wa tatu abaki nje na sahani yake.

Lenzi haijawa 75, yaani 50 mara 1.5. Bado ni 50 na inatoa taswira ileile, ila kihisi kidogo kinachukua sehemu ya katikati tu. Ile hesabu ya "zidisha kwa 1.5", au 1.6 kwa Canon, inakuambia lenzi gani kwenye fremu kamili ingeona sawa na yako. Haisemi chochote zaidi ya hapo.

Wengi hunaswa na dhana moja: kwamba lenzi iliyotengenezwa mahsusi kwa APS-C tayari imefanyiwa hesabu, kwa hiyo 50 iliyoandikwa juu yake ni "50 halisi". Sivyo. Milimita ni milimita, iwe lenzi imetengenezwa kwa kihisi kikubwa au kidogo. Ile lenzi ya zumu ya 18-55 iliyokuja na kamera, ukiifikisha kwenye 50, itaona sawasawa na hiyo mpya. Kipimo chenyewe ni hicho: kaa sehemu moja, piga picha kwa 18-55 ikiwa kwenye 50, kisha kwa lenzi mpya. Zikilingana, hakuna ubovu wowote. Umenunua lenzi ya picha za mtu mmoja mmoja, nayo ni nzuri kwa kazi hiyo, lakini kwa sebule ulihitaji kitu kama 35 au chini yake.

Kipimo hichohicho kinafaa zaidi kabla ya kununua. Zungusha 18-55 hadi 35, ibane na selotepu isisogee, kisha zunguka nayo wikiendi nzima kwenye shughuli zako za kawaida. Ukiona unarudi nyuma kila mara hadi unagonga ukuta, 35 haikufai. Ningekuwa na uwezo ningewalazimisha wauzaji kuwapa wateja selotepu kabla ya risiti.

Dalili: "Kamera mpya, lenzi ya zamani: kona zina giza" au "megapikseli zimepungua"

Umefunga lenzi ya APS-C kwenye kamera ya fremu kamili. Duara la mwanga linalotoka kwenye lenzi hiyo halitoshi kufunika kihisi kizima. Kamera nyingi hulitambua jambo hilo na kukata picha zenyewe, ndiyo maana kamera ya megapikseli 24 inakupa kama 10 tu. Ukizima huo ukataji kwenye menyu, giza la kona linajitokeza. Hapo kweli dawa ni lenzi nyingine, au kuridhika na hizo 10, ambazo kwa albamu ya kawaida zinatosha.

Dalili: "Kwenye picha naenea, kwenye video kichwa kimejaa skrini"

Weka kamera kwenye tripodi. Piga picha tuli, kisha rekodi video bila kugusa zumu, na uzilinganishe.

Zikitofautiana juu na chini tu, hakuna ugonjwa. Video ni ya uwiano wa 16:9 na kihisi cha kamera nyingi ni cha 3:2, kwa hiyo ukanda wa juu na wa chini lazima uachwe. Pande za kushoto na kulia zikiwa zimekatwa, zipo sababu tatu za kuchunguza, na nizipange kwa namna ambavyo ningezikagua mwenyewe. Kwanza zima uthabiti wa kielektroniki, ule unaotuliza mtikisiko kwa programu. Hauwezi kufanya kazi bila kubakiza akiba ya pikseli pembeni, na akiba hiyo inatoka kwenye picha yako. Pili, badilisha ubora wa video kutoka 4K kwenda 1080 uone kama upana unarudi. Tatu, angalia kama umewasha fremu nyingi kwa sekunde kwa ajili ya mwendo wa taratibu, maana baadhi ya kamera hukata tena hapo.

Canon EOS M50 ya mwaka 2018, ambayo watu wengi wanaojirekodi waliinunua, ni mfano mzuri. Kwenye 4K hukata karibu mara 1.6 juu ya ile 1.6 ya APS-C. Lenzi yake ya 15-45, ambayo kwenye picha tuli inaona kama 24 ya fremu kamili, kwenye 4K inaona kama 38. Ukiishika kwa mkono ulionyooka, utapata uso na masikio, basi. Hakuna mpangilio wa siri wa kuondoa hilo. Rekodi kwa 1080, au tafuta lenzi pana zaidi.

Dalili: "Selfi inanipa pua isiyo yangu"

Watu husema lenzi pana huvimbisha pua. Maneno haya yamerudiwa sana mpaka yanaonekana kweli, lakini mkosaji ni umbali.

Chukua pua na masikio yaliyo nyuma yake kwa kama sentimita 12. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka puani, masikio yapo sentimita 42. Pua itachorwa kubwa mara 1.4 ikilinganishwa na masikio. Sasa simu ikae mita 1.5: pua ipo sentimita 150, masikio 162. Tofauti imeshuka hadi mara 1.08, na uso umerudi kwa mwenyewe. Lenzi ni ileile.

Jaribu: mpe mtu simu, arudi nyuma hatua mbili, apige bila zumu, kisha kata picha ibaki uso tu. Picha itapoteza ubora kidogo, lakini sura itakuwa sahihi. Lenzi za 85 zimejipatia sifa kwenye picha za nyuso kwa kuwa zinakulazimisha usimame mbali ili kichwa na mabega vienee. Hata anayepiga picha za pasipoti kwenye kibanda chembamba afadhali afungue mlango na kurudi nyuma kuliko kumsogelea mteja na lenzi pana.

Dalili: "Kilimanjaro ilikuwa kubwa machoni, kwenye picha imekuwa kichuguu"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu anayeielewa dalili hii ameelewa karibu kila kitu.

Upo Amboseli, upande wa Kenya, ambako Kilimanjaro huonekana vizuri asubuhi kabla ya mawingu kuifunika. Kilele cha Kibo kina mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na bonde ulilosimama lina kama 1,150. Kwa hiyo mlima unapanda juu ya macho yako kama mita 4,700, ukiwa umbali wa takriban kilomita 47. Gawanya: sehemu moja ya kumi. Chochote utakachokifunga kwenye kamera, urefu wa mlima kwenye kihisi utakuwa moja ya kumi ya urefu wa fokasi. Kwa lenzi ya 24, ni milimita 2.4 kwenye kihisi chenye kimo cha milimita 24. Kichuguu hicho.

Jicho lako halikukudanganya. Ulipotazama, akili iliukazia mlima na kuipuuza mbuga yote iliyouzunguka. Lenzi pana haipuuzi kitu.

Sasa weka tembo mbele. Dume mkubwa ana kama mita 3 begani. Akiwa mita 20 kutoka kwenye gari, uwiano wake ni 3 kwa 20, yaani 0.15, nao mlima ni 0.10. Tembo atauzidi mlima mara moja na nusu kwenye picha yako. Unazumu hadi 100 ili mlima ukue. Unakua kweli, lakini tembo naye anakua kwa kiwango kilekile, mpaka anachukua zaidi ya nusu ya kimo cha fremu. Uwiano haujasogea hata chembe. Zumu imekata picha ileile tu na kuikuza.

Tembo akiwa mita 60, hesabu yake inashuka hadi 0.05. Mlima, ulio kilomita 47, haukujali hizo mita 40. Bado ni 0.10. Sasa mlima ni mrefu mara mbili ya tembo. Funga lenzi ya 200 kwenye fremu kamili: mlima unachukua milimita 20 za kihisi, tembo 10. Ndiyo ile picha unayoiona kwenye kalenda na kudhani imeunganishwa kwa kompyuta.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: umbali ndio unaoamua nani awe mkubwa kuliko nani, halafu urefu wa fokasi unaamua ukate wapi. Wengi hufanya kinyume. Hung'ang'ania kumkaribia mnyama kisha huhangaika na zumu. Mwambie dereva asisogee, wala usimshawishi aache barabara, maana hairuhusiwi. Subiri tembo waende mbali kidogo.

Jihadhari na mambo mawili. Ukitumia 200, kwenye umbali ule unaona upana wa kilomita 8.5 tu za mlima, kwa hiyo utapata kuba la Kibo na barafu yake, na miteremko itakatwa. Mimi napendelea 100 kwa tembo wa mbali, mlima ukabaki na mabega yake. La pili ni joto. Kufikia saa nne asubuhi hewa juu ya bonde huanza kucheza kama mazigazi, na hakuna lenzi inayonoa picha iliyopita kwenye hewa ya namna hiyo.

Dalili: "Picha ya ukoo: walio katikati wazuri, shangazi wa pembeni amepanuka"

Shangazi hana kosa, na safari hii lenzi pana ina mkono wake, ingawa si kwa ubovu. Lenzi inayochora mistari iliyonyooka ikae minyoofu hulazimika kuvuta vitu vilivyo pembezoni. Ukitumia 24 kwenye fremu kamili, kichwa kilicho kwenye ukingo wa kushoto au wa kulia huvutwa kwa karibu robo nzima. Kwa 35 ni kama asilimia 12, kwa 50 ni kama 6, ambayo hakuna atakayeiona.

Usikimbilie kitufe cha kurekebisha lenzi kwenye programu. Kinaondoa mpindo wa kuta na nguzo, yaani ule mwonekano wa pipa, na huo ni ugonjwa mwingine. Utautambua ukiona ukingo wa ukuta au mstari wa bahari umepinda karibu na mpaka wa picha. Watu waliovutwa pembeni hubaki hivyohivyo hata ukuta ukinyooka, na wakati mwingine huzidi.

Dawa ni kurudi nyuma. Kundi lenye upana wa mita 5 linajaza fremu ya 24 ukiwa mita 3.3, ya 35 ukiwa mita 4.9, ya 50 ukiwa karibu mita 7. Ukumbi ukiwa mdogo, panga mistari mitatu badala ya mmoja mrefu, uache nafasi tupu kila upande, na pembeni wasimame watu wembamba waliovaa nguo za kawaida. Bibi harusi na gauni lake usimweke ukingoni hata mkubwa wa ukoo akiamuru.

Dalili: "Majengo yanaangukia nyuma"

Umeinua kamera kutazama juu. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni vigumu kuepuka, kwa kuwa huna pa kurudi. Shika kamera wima, isiinuliwe, tumia lenzi pana zaidi ya unavyodhani unahitaji, kisha kata ile sakafu ya ziada chini. Au panda ghorofa ya pili ya nyumba ya mkabala, wenyewe wakikuruhusu.

Dalili: "70-200 yangu kwenye 200 inaona pana kuliko 200 ya mwenzangu"

Mlikuwa mnapiga kitu cha karibu, sivyo? Lenzi nyingi za kisasa hufokasi kwa kusogeza vioo vya ndani, na zinapofokasi karibu, urefu halisi wa fokasi hupungua. Namba iliyoandikwa ni ya kitu cha mbali. Zipo lenzi ambazo 200 yake, kwa uso ulio mita moja na nusu, hushuka hadi karibu na 135. Elekezeni zote mbili kwenye mnara wa simu ulio mbali. Zikilingana hapo, hakuna iliyoibiwa milimita.

Dalili: "Simu ina zumu mara 3 lakini usiku picha ni uji"

Simu yenye kamera tatu haikuahidi kutumia ile uliyoichagua. Mwanga ukiwa hafifu, au kitu kikiwa karibu mno kwa kamera ya mbali, simu nyingi hurudi kwenye kamera kuu na kukata katikati, huku skrini ikiendelea kuandika 3. Kipimo ni cha kidole: ukiwa kwenye 3, ziba lenzi moja baada ya nyingine. Skrini ikiwa giza ulipoziba ile kuu, umepata jibu. Ongeza mwanga au rudi nyuma.

Na ukifungua taarifa za picha ya iPhone 13 Pro ukakuta kamera kuu ina milimita 5.7, huku matangazo yakisema 26, zote mbili ni kweli. 5.7 ni urefu halisi, kwa kihisi kidogo sana. 26 ni ulinganisho na filamu ya milimita 24 kwa 36, ambayo kamera ya Leica iliipa umaarufu kuanzia 1925, na ambayo bado ndiyo kipimo cha fremu kamili.

Dalili: "Mwezi umekuwa nukta"

Kipenyo cha mwezi angani ni kama nusu digrii. Gawa urefu wa fokasi kwa 110 upate ukubwa wake kwenye kihisi. Kwa 50 ni chini ya nusu milimita. Kwa 200 ni milimita 1.8. Kwa 600 ni 5.5, kwenye kimo cha 24 cha fremu kamili. Mwezi mwandamo wa Idi ni mwembamba zaidi na upo chini karibu na upeo, kwa hiyo chini ya 300 utapata kijistari tu. Kihisi kidogo hapa ni faida: mwezi wenye milimita zilezile unachukua sehemu kubwa zaidi ya fremu.

Ukitaka mwezi mpevu mkubwa nyuma ya mnara wa msikiti au wa kanisa, fanya ile hesabu ya tembo. Mnara wa mita 30 unalingana na mwezi ukiwa mita 30 × 110, yaani kilomita 3.3 kutoka kwako. Tafuta kwenye ramani mahali penye umbali huo na penye uwazi, upande wa magharibi wa mnara ikiwa unangoja mwezi uchomoze. Fika mapema, kwa sababu kwa lenzi ya 400 au 600 mwezi husogea kipenyo chake chote kwa kama dakika mbili tu, na ukisimama hatua mia pembeni, mwezi utachomoza nyuma ya paa la jirani.